Mpangaji, mshirika au "mtu wa tatu"? Istilahi moja ya biashara ya michezo ya video

Katika kazi ya istilahi tuliyopewa muhula huu, kundi letu lilipata biashara ya michezo ya video. Neno lililotutesa si la kompyuta, ni la watu: wale ambao Kifaransa huwaita éditeurs tiers, yaani kampuni zinazotunga michezo ya kuchezwa kwenye konsoli zisizo zao. Mwenzetu mmoja aliandika "mchapishaji wa tatu". Mwingine akamuuliza: na wa pili ni nani? Tulicheka, lakini swali lilibaki mezani.

Mwanafunzi wa sarufi akisikia "wa tatu" hukumbuka nafsi. Émile Benveniste alidai kwamba nafsi ya tatu si nafsi kwa kweli: mimi na wewe tumo ndani ya mazungumzo, yeye husemwa tu. Aliwataja wanasarufi wa Kiarabu, ambao huiita nafsi hiyo "asiyekuwapo", kwa shina lile lile lililotupa neno letu ghaibu. Historia ya konsoli nayo inaanza na mtu ghaibu.

Atari ilitoa konsoli yake maarufu mwaka 1977 na kuiandalia michezo yenyewe. Majina ya watungaji hayakuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1979 watungaji wanne waliondoka wakashiriki kuanzisha Activision, wakaendelea kutunga kwa ajili ya mashine ile ile ya Atari, safari hii majina yao yakionekana. Atari ilishtaki. Kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 1982: Activision ilipe mrabaha, iendelee kuuza. Ndipo mlango ulipofunguka, na wengi wakaingia bila kubisha hodi. Kaseti mbovu zilijaa madukani, na mwaka 1983 soko la Marekani likaporomoka.

Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985, ilikuja na kufuli. Ndani ya konsoli kulikuwa na chipu, na ndani ya kila kaseti halali chipu mwenzake. Zilizungumza kama walinzi wawili wanaopeana neno la siri. Jibu lisipolingana, mashine ilikataa kuendelea. Kufuli hilo liliandamana na mkataba. Mtungaji wa nje aliruhusiwa michezo 5 tu kwa mwaka. Mchezo aliouleta haukuruhusiwa kwenye konsoli ya mshindani kwa miaka 2. Kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, naye akizilipia. Konami, iliyoona 5 ni michache, ilipata njia: ikafungua kampuni ya jina jingine, Ultra Games, na kupata nafasi nyingine 5. Mimi napenda kisa hiki kuliko vyote, maana kinaonyesha kwamba hata chini ya mkataba mgumu watu hutafuta upenyo.

Kwa hiyo nilipinga pendekezo la "mtengenezaji mshirika" lililokuwa linashinda katika kundi. Ushirika unadai walau kauli katika mambo ya nyumba. Hapa mmoja anashika ufunguo, mwingine analipa. Neno tunalo tayari: mpangaji. Anaishi kwa mwingine, analipa kodi, anafuata masharti ya ua, na wateja wanaokuja kwake wanaongeza thamani ya nyumba ambayo si yake. Tena mpangaji ana haki moja ambayo "mtu wa tatu" halionyeshi kabisa: anaweza kuhama.

Square ilihama. Michezo yake ya Final Fantasy ilikuwa imekaa miaka mingi kwenye konsoli za Nintendo. Mwaka 1994 Sony ilitoa PlayStation iliyosoma CD, rahisi kutengenezwa na yenye nafasi kubwa, zaidi ya megabaiti 600. Nintendo ikang'ang'ania kaseti kwa konsoli yake ya 1996, ambazo hata zile kubwa kabisa zilibeba megabaiti 64. Mwaka 1997 Final Fantasy VII ikatoka kwenye PlayStation, CD 3 nzima. Mwenye nyumba anayebana vyumba asishangae akiona mizigo barazani.

Mwalimu wetu alitoa pingamizi ambalo sijalimaliza. Mwenye nyumba wa kawaida, alisema, hafungui duka mlango mmoja na la mpangaji wake. Nintendo inauza Mario pembeni mwa michezo ya wageni, na ndiyo inayopanga masharti ya wote. Ni kweli, "mpangaji" linaeleza kodi vizuri kuliko linavyoeleza ushindani.

Halafu kuna mwaka 2023. Microsoft, mwenye konsoli ya Xbox, ilinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Activision ile ile, mtu wa tatu wa kwanza kabisa, ikawa "sisi" ya mwenye nyumba. Lakini mwaka huo huo Microsoft ilitia saini na Sony mkataba wa miaka 10 wa kubakiza Call of Duty kwenye PlayStation. Basi kampuni moja ni mwenye nyumba kwake na mpangaji kwa jirani, kama vile "mimi" inavyohama kutoka kinywa hadi kinywa kadiri ya anayesema. Katika faharasa yetu nimeandika "mpangaji", na mbele yake nimeongeza: taja nyumba ya nani.