Swali na Jibu: Bili za nyumba ya Ufaransa ukiwa mbali

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Muscat na tumenunua fleti Nice. Bili tutazilipaje tukiwa huku?

Jibu: Dada, kwanza fungueni akaunti ya yuro, Ufaransa au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Sheria ya Umoja huo hairuhusu kampuni ya Ufaransa kuikataa akaunti kwa sababu tu IBAN yake, yaani namba ya kimataifa ya akaunti, ni ya nchi nyingine mwanachama. Benki ya Ufaransa itawapa RIB, karatasi yenye majina yenu na namba ya akaunti. Ipelekeni kwa kampuni za umeme na maji, zikate malipo zenyewe.

Kodi ya mali, taxe foncière, humwangukia anayemiliki nyumba tarehe 1 Januari. Ankara hutoka majira ya vuli. Kodi ya makazi, taxe d'habitation, nayo inawahusu, kwani tangu 2023 imefutwa tu kwa nyumba ambayo ni makazi makuu ya mtu. Kodi ikizidi yuro 300 hailipwi kwa hundi, bali kwa mtandao au makato ya benki.

Chagueni makato ya kila mwezi, na daima acheni salio la kutosha kwenye akaunti.