Kabla Hujabishana: Vidokezo vya Kupima Ushahidi Mtandaoni

Hakuna kinachomaliza bando kwenye magrupu yetu kama mabishano ya siasa na ya magonjwa. Kila mtu siku hizi anajiita mtu wa kuhoji, na kuhoji ni jambo jema: serikali zimewahi kukosea, wataalamu wamewahi kukosea, na vyombo vya habari navyo vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba wengi tunahoji upande mmoja tu. Habari ya wapinzani wetu tunaidai cheti cha kuzaliwa, ya kwetu tunaipitisha bila hata kuisoma hadi mwisho. Vidokezo hivi nimevichota kwenye mambo tuliyoyapitia wenyewe, hasa miaka ya korona na uchaguzi wa Kenya wa 2022.

1. Uliza ushahidi unaishia wapi, na wewe uishie hapo hapo.

Tuanze na papai. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, hayati Rais John Magufuli wa Tanzania alieleza kwamba sampuli za papai, fenesi, mbuzi, kware na oili ya gari zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina na umri wa watu. Papai likarudi na majibu kwamba lina korona. Oili ikaonekana haina. Fenesi halikupata majibu ya uhakika. Siku hiyo hiyo papai likawa gumzo la nchi nzima.

Sasa tulia upime. Papai likionekana lina virusi, maelezo yanayowezekana ni kadhaa. Huenda sampuli zilichafuka, yaani virusi vya sampuli moja viliingia kwenye nyingine. Huenda vipimo vilikuwa vibovu, au mhudumu alikosea, au kuna mtu alichezea majibu. Kila moja kati ya hayo ni jambo zito, na kila moja lilistahili uchunguzi ambao matokeo yake wananchi wangeyasoma wenyewe. Lakini hakuna hata moja linalosema kwamba ugonjwa haupo. Maabara inayolibambikia papai korona inaweza vilevile kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Kutoka "vipimo vina walakini" hadi "korona ni uongo" ni mwendo mrefu, na mitandaoni watu waliuruka kwa meseji moja.

Dai likikukaa vibaya, jiulize: hili likiwa kweli, ni nini kingine lazima kiwe kweli? Kama korona haikuwepo Tanzania, basi na majibu ya madereva wa malori waliopimwa mpakani na Kenya mwezi huo huo yawe ya uongo, ingawa yalitoka kwenye maabara nyingine, za nchi nyingine, zisizohusika kabisa na lile papai. Kenya iliyaamini kiasi cha kuzuia abiria kuvuka mpaka kuanzia tarehe 16 Mei, ikaruhusu mizigo tu.

2. Namba iliyosimama haijashuka.

Hadi Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwenye majedwali ya dunia 509 ikabaki pale pale, huku za majirani zikipanda kila wiki, na watu wakawa wanatuma majedwali hayo kama ushahidi kwamba sisi tumeshinda. Jedwali lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu.

Februari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimeshatangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameugua korona. Alifariki tarehe 17 mwezi huo, na ile 509 haikutikisika. Kwa hiyo kabla hujaitumia namba kwenye mabishano, ijue historia yake: nani alihesabu, alihesabu akina nani, na aliacha lini.

3. Kati ya wangapi?

Swali fupi, na kwangu ndilo lenye faida kuliko yote. Aprili 13, 2021 mamlaka za afya za Marekani zilishauri chanjo ya Johnson & Johnson isimamishwe kwa muda, baada ya wanawake sita kupata tatizo la nadra la damu kuganda. Habari ilipofika kwetu ilikuwa imebaki "chanjo inagandisha damu". Wale sita walitoka katika dozi zaidi ya milioni 6.8. Siku kumi baadaye ikaruhusiwa tena, ikiwa na tahadhari yake.

Lakini swali hili linakata kuwili. Waliokuwa wakisema chanjo hiyo haina madhara hata kidogo nao walikuwa wanazidisha. Tatizo lilikuwepo kweli, na Mei 2022 Marekani iliwapunguza watu wanaoruhusiwa kuipata. Ndiyo chanjo hiyo hiyo aliyochanjwa Rais Samia Suluhu Hassan hadharani tarehe 28 Julai 2021. Aliyeitaka alikuwa na haki ya kuambiwa hatari ipo na ni ya kiasi gani. Kumficha mtu hatari ndogo ni kumpa mzushi nafasi ya kuja kuikuza.

4. Simu yako ina kikokotoo. Kitumie.

Agosti 15, 2022 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya (IEBC), Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto mshindi wa urais kwa asilimia 50.49, Raila Odinga akiwa na 48.85, George Wajackoyah 0.44 na David Waihiga Mwaure 0.23. Kesho yake makamishna wanne wa tume hiyo hiyo, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, walisema mbele ya kamera kwamba asilimia hizo zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000.

Jumlisha mwenyewe: ni kweli inafika 100.01. Hapo walikuwa sawa. Sasa tafuta asilimia 0.01 ya kura halali, ambazo zilikuwa zaidi ya milioni 14.2. Unapata kura 1,420 hivi. Ile 142,000 ni asilimia moja nzima, mara mia ya jibu. Nayo 0.01 yenyewe haitokani na kura za ziada. Odinga alipata kura 6,942,930, ambazo ni asilimia 48.849 na kitu. Ukitaka tarakimu mbili tu baada ya nukta, inakuwa 48.85. Wagombea wote wanne namba zao ziliongezwa hivyo, kila mmoja kidogo sana, na vile vidogo vinne vikikutana vinazaa 0.01.

Kwa siku nzima watu wenye shahada zao waligombana juu ya kura hizo 142,000, kila upande ukimtukana mwenzake, wakati hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Na tuwe waadilifu hapa pia: kosa la hesabu la makamishna halithibitishi kwamba uchaguzi ulikuwa safi. Linathibitisha kwamba hoja ile moja haikusimama. Nyingine zilibidi zipimwe moja moja, na ndivyo ilivyofanyika mahakamani.

5. Nenda kwenye karatasi yenyewe.

Uchaguzi ule ule ulikuwa na kitu ambacho natamani kila nchi yetu iwe nacho. Fomu 34A, ile inayojazwa matokeo ya kituo kimoja kimoja, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume zikiwa picha; vituo ni zaidi ya 46,000 na mtu yeyote aliweza kuzifungua. Televisheni zikaanza kujumlisha, na jumla zao zikapishana. Sababu kubwa ni kwamba kila kituo cha televisheni kilianza na fomu tofauti. Wafuasi wakawa wanapiga picha skrini ya televisheni ambako mtu wao anaongoza, wanaituma, wanashangilia.

Ukiona jumla mbili zinapishana, tazama kwanza kila moja imefikia vituo vingapi. Ukiambiwa fomu ya kituo fulani imechezewa, ifungue. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifanya kazi hiyo: ikaagiza fomu zinazolalamikiwa zikaguliwe, nakala halisi zikilinganishwa na zile za tovuti, na tarehe 5 Septemba majaji wote wakathibitisha matokeo. Anayesema mahakama ile hukubali chochote akumbushwe kwamba ndiyo iliyofuta uchaguzi wa urais wa 2017.

6. Itafute picha ilikotoka.

Machi 2020 ilizunguka picha ya majeneza yaliyopangwa safu safu ukumbini, ikisemwa ni ya waliouawa na korona Italia. Italia ilikuwa kweli inazika kwa mamia. Picha ile, hata hivyo, ilipigwa kisiwani Lampedusa mwaka 2013, baada ya meli iliyobeba wahamiaji, wengi wao Waeritrea, kuzama. Ipakie picha kwenye utafutaji wa picha wa Google na mara nyingi utaona ilianza kuonekana lini. Hata jambo likiwa la kweli, picha ya uongo hailisaidii.

7. "Sambaza kabla hawajaifuta." Usisambaze. Meseji ya WhatsApp yenye mishale miwili imepita kwenye mikono mingi, na aliyeiandika hayupo wa kuulizwa.

8. Mtaalamu akibadili kauli, uliza kilichobadilika.

Shirika la Afya Duniani lilichelewa kushauri barakoa za vitambaa kwa watu wa kawaida hadi tarehe 5 Juni 2020. Kulilaumu kwa kuchelewa ni halali. Kusema "kwa hiyo walidanganya tangu mwanzo" kunahitaji ushahidi wake wa peke yake.

Na usidhani wataalamu wanalindana siku zote. Mei 22, 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliosema dawa ya hydroxychloroquine inawaongezea wagonjwa wa korona hatari ya kufa. Takwimu zilidaiwa kutoka kwa wagonjwa 96,000 katika hospitali 671, zikakusanywa na kampuni iitwayo Surgisphere. Wanasayansi zaidi ya mia wakaandika barua kuuliza: hospitali zipi hizo? Mbona vifo vya Australia ni vingi kuliko vilivyotangazwa nchi nzima hadi tarehe hiyo? Mbona kumbukumbu kutoka Afrika ni za kina kuliko uwezo wa hospitali nyingi zetu? Kampuni ikashindwa kuwaonyesha wakaguzi takwimu, na Juni 4 utafiti ukaondolewa. Wanasayansi wale hawakumtukana mtu. Waliomba waone data.

9. Habari ikikufurahisha, ikague mara mbili.

Machi 17, 2021 Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza kifo cha Rais Magufuli, akataja tatizo la moyo. Mitandaoni wengi wakaandika kwa uhakika kabisa kwamba ni korona, na miongoni mwao walikuwemo watu walewale waliolia kuhusu papai kwamba serikali haina ushahidi. Tangazo rasmi lipo. Ushahidi wa hadharani unaolipinga sijauona. Unaweza kuwa na dhana yako, lakini iandike kama dhana.

10. Chagua wa kubishana naye, na pa kubishania.

Muulize mwenzako: ni kitu gani kikitokea utabadili msimamo? Akisema hakuna, muage kwa heshima. Naye akikuuliza wewe, uwe na jibu.

Kwa ndugu wa damu, usibishanie kwenye grupu. Baba mdogo hatakubali kosa mbele ya wakwe na wajukuu, hata awe ameliona. Mpigie simu, msalimie vizuri, muulize ni nini hasa kinachomtia wasiwasi kwenye ile chanjo au ile fomu. Mara nyingi atataja jambo moja dogo ambalo hamkuwahi kulijadili: presha yake, labda, au jirani aliyeugua wiki ile ile aliyochanjwa. Anzeni na hilo.