SOMO LA WIKI: Magunia 540 yanavyogeuka 1,620 ndani ya kompyuta

Mfanyabiashara wa nafaka mwenye stoo Kibaigwa na nyingine Makambako huletewa kila Jumamosi orodha ya mzigo na karani wake. Kwa macho, orodha hiyo haina kasoro. Jina la kituo liko juu, chini yake zao, chini ya zao siku na idadi ya magunia, kisha mistari ya jumla. Taabu huanza pale mwenye mali anapotaka kuiuliza kompyuta swali moja tu: mahindi yaliyopo ni magunia mangapi?

Wiki hii swali hilo lina haraka. Mwenye kinu cha kusaga jijini Dar es Salaam anataka magunia 500 na yuko tayari kutoa malipo ya awali. Mfanyabiashara akikubali mzigo asiokuwa nao, pengo itambidi alinunue sokoni kwa bei ya siku hiyo, iwe imepanda au la. Akikataa mzigo alionao, mteja anakwenda kwa jirani.

Orodha yenyewe, ambayo takwimu zake ni za mfano, imekaa hivi katika lahajedwali. Safu A ina maelezo na safu B ina magunia. Mstari wa 1 ni wa vichwa vya safu.

2. Kibaigwa
3. Mahindi
4. Juni 3 – 120
5. Juni 5 – 80
6. Jumla Mahindi – 200
7. Alizeti
8. Juni 4 – 60
9. Jumla Alizeti – 60
10. Jumla Kibaigwa – 260
11. Makambako
12. Mahindi
13. Juni 3 – 150
14. Juni 6 – 90
15. Jumla Mahindi – 240
16. Maharage
17. Juni 5 – 40
18. Jumla Maharage – 40
19. Jumla Makambako – 280

Ukijumlisha safu B nzima kwa SUM, kompyuta inajibu 1,620. Mzigo halisi ni magunia 540. Kila gunia limehesabiwa mara tatu: mara moja siku lilipoingia, mara ya pili katika jumla ya zao, na mara ya tatu katika jumla ya kituo. Katika orodha fupi kama hii kosa linaonekana. Katika orodha ya mistari 400 halionekani, hasa ikiwa baadhi ya mazao yamewekewa jumla na mengine hayakuwekewa.

Ukijaribu SUMIF kwa neno "Mahindi", jibu ni sifuri. Kompyuta haikukosea. Neno Mahindi liko mstari wa 3 na wa 12, na mistari hiyo haina idadi yoyote. Idadi iko mistari ya chini yake, ambayo haina neno Mahindi. Binadamu anaelewa kwamba kilicho chini ya kichwa ni mali ya kichwa hicho. Kompyuta huusoma kila mstari peke yake.

Wengi hapo hukimbilia mistari ya jumla ya karani, 200 na 240, wakapata 440. Jibu ni sahihi, ila kwa bahati, kwa sababu mistari hiyo imeandikwa kwa mkono. Ikitokea karani amepunguza mzigo wa Juni 6 kutoka 150 hadi 90 baada ya magunia 60 kuuzwa, kisha akasahau mstari wa jumla unaoendelea kusema 300, mfanyabiashara atapata 500 kamili. Atapokea fedha za mwenye kinu huku stoo ikiwa na 440.

Dawa yake ni kuinyoosha orodha: kila mstari ubebe wenyewe jina la kituo na jina la zao. Kazi hiyo si ya kuandika upya kwa mkono. Inahitaji fomula tatu na orodha mbili ndogo pembeni. Andika majina ya vituo katika visanduku J2 hadi J3, na majina ya mazao K2 hadi K4.

Safu D ni ya kituo. Katika D2 andika:

=IF(COUNTIF($J$2:$J$3,A2)>0,A2,D1)

Maana yake: kama neno lililoko A2 limo katika orodha ya vituo, lichukue, kama halimo, chukua jina lililo kisanduku cha juu. Ukiinakili fomula hadi D19, Kibaigwa inashuka mstari kwa mstari mpaka inapokutana na Makambako. Alama ya dola inazuia orodha ya pembeni isisogee wakati wa kunakili. Ukiisahau, mistari ya kwanza itatoka sawa na ya mwisho itaharibika, jambo ambalo ni baya kuliko yote kuharibika.

Safu E ni ya zao, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza:

=IF(COUNTIF($J$2:$J$3,A2)>0,"",IF(COUNTIF($K$2:$K$4,A2)>0,A2,E1))

Sehemu ya mwanzo inafuta zao kila kituo kipya kinapoanza. Bila hiyo, Alizeti ya Kibaigwa ingevuka mpaka na kuingia Makambako. Katika mfano huu isingeleta hasara kwa kuwa Makambako inaanza mara moja na kichwa cha Mahindi. Lakini siku karani atakaposahau kichwa hicho, magunia 240 ya mahindi yataandikwa alizeti.

Safu F inatenga mzigo halisi na mistari ya jumla:

=IF(AND(ISNUMBER(B2),LEFT(A2,5)<>"Jumla"),1,0)

Mstari wenye idadi na usioanza na neno Jumla unapewa 1; mingine yote inapewa 0. Kompyuta nyingine, kutokana na lugha au nchi iliyowekwa ndani yake, hutaka nukta mkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula. Ikikataa, jaribu hivyo kabla ya kumwita fundi.

Sasa swali la mwenye kinu linajibika:

=SUMIFS(B2:B19,E2:E19,"Mahindi",F2:F19,1)

Jibu ni 440, na halitegemei kabisa mistari ya jumla ya karani. Ukitaka ya Makambako peke yake, ongeza D2:D19,"Makambako" na utapata 240. Ikiwa mstari wa 15 unasema 300, umeshajua kosa liko wapi na ni la magunia mangapi. Kwa hiyo mistari ya karani isifutwe. Kazi yake sasa ni ya ukaguzi.

Kuna ukaguzi mwingine ambao haupaswi kurukwa. Karani akiandika "Makambaku" kwa bahati mbaya, neno hilo halitapatikana katika orodha ya vituo, na mzigo wote wa Makambako utahesabiwa kuwa wa Kibaigwa bila kelele yoyote. Katika safu G weka:

=IF(AND(B2="",COUNTIF($J$2:$J$3,A2)+COUNTIF($K$2:$K$4,A2)=0),"ANGALIA","")

Mstari wowote usio na idadi na usiotambulika utatoa neno ANGALIA. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, kwani COUNTIF haizitofautishi. Nafasi iliyobaki mwisho wa neno ina shida, na haionekani kwa macho. TRIM(A2) badala ya A2 ndani ya fomula huiondoa.

Kabla ya kuipanga orodha kwa tarehe au kwa zao, nakili safu zote kwenye ukurasa mpya kwa kubandika thamani tupu, si fomula. Fomula za safu D na E hutazama kisanduku cha juu. Ukiipanga orodha zikiwa bado hai, majirani wanabadilika na majina ya vituo yanahama.

Wenye Excel 365, au Google Sheets ya sasa, wanaweza kupata orodha safi kwa fomula moja, =FILTER(A2:E19,F2:F19=1), inayobakiza mistari sita ya mzigo halisi pekee. LibreOffice nayo imekuwa na FILTER tangu toleo la 24.8 la mwaka 2024. Matoleo ya zamani hayana, ila yanachuja vizuri kwa kuchagua 1 katika safu F.

Karani wengine hutenganisha kituo na zao katika safu mbili, wakaacha visanduku vitupu chini ya kila jina. Hiyo ni rahisi zaidi: =IF(A2<>"",A2,D1) inatosha kwa kituo, na orodha za pembeni hazihitajiki.

Kwa wenye hisa, taarifa ya dalali hukaa vivyo hivyo: jina la kampuni juu, manunuzi chini. Ikishanyooshwa, gharama ya wastani ya kila hisa hupatikana kwa kuzidisha idadi kwa bei ya kila ununuzi, kujumlisha, kisha kugawa kwa idadi yote. Aliyenunua hisa 100 kwa Sh 400 na nyingine 900 kwa Sh 500 ana wastani wa Sh 490. Anayechukua wastani wa bei mbili hupata Sh 450, na akiuza kwa Sh 470 anadhani amepata faida ya Sh 20 kwa hisa, kumbe amepoteza Sh 20, bila kuhesabu ada ya dalali.

Waagizaji na wauzaji wa nje wana orodha ya ngazi iliyo kubwa kuliko zote, yaani orodha ya namba za ushuru za Mfumo wa Uwiano, ulioanza kutumika Januari 1, 1988. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kifungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza hadi nane. Humo mistari mingi imeandikwa "Nyinginezo" tu, na bila kichwa chake haina maana yoyote. Bahati nzuri ngazi zimo ndani ya namba yenyewe: LEFT(A2,2) inatoa sura na LEFT(A2,4) inatoa kichwa.

Hatari iko kwenye sifuri ya mwanzo. Korosho zenye maganda ni 080131. Kompyuta ikidhani hiyo ni idadi, inaiacha 80131, na LEFT inasoma sura ya 80, ambayo ni ya madini ya bati. Karafuu zisizosagwa, 090710, zinahamia sura ya 90 pamoja na darubini na vifaa vya hospitali. Tangu Julai 2022 viwango vya pamoja vya ushuru wa Jumuiya ni asilimia 0, 10, 25 na 35, hivyo anayeagiza bidhaa na kukadiria gharama kwa sura isiyo yake anaweza kujikuta mbali sana na hesabu ya forodha. Ikiwa sifuri imeshapotea katika namba ya tarakimu sita, =TEXT(A2,"000000") huirudisha. Kwa namba mpya, weka safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuandika.