Maswali ya Msailiwa: Sera na Habari za Nchi Zisomwe Vipi?

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ikishatoa majina ya walioitwa kwenye usaili, makundi ya WhatsApp hayalali. Huyu anatupia desa nene la PDF, yule anauliza mchujo utakuwa wa kuchagua jibu au wa kujieleza, mwingine anataka majina ya mawaziri wote kabla ya alfajiri. Linalosumbua wengi zaidi ni masuala ya nchi na sera: usome nini, uanzie wapi, na uache nini. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa sana na wanaowania ajira serikalini Tanzania, pamoja na majibu yake.

Kwani kwenye usaili wanauliza habari za nchi?

Inategemea kada. Usaili huanza na mchujo wa kuandika, baadhi ya kada, kama udereva, huwa na usaili wa vitendo, kisha huja mahojiano ya ana kwa ana. Uzito mkubwa uko kwenye taaluma yako na majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo la kazi. Sera huingia kwa sababu majukumu hayo ndiyo utekelezaji wa sera wenyewe. Mtu anayeomba kazi ya Afisa Maendeleo ya Jamii hawezi kueleza kazi yake bila kugusa mikopo ya vikundi, na anayeomba Utendaji wa Kijiji hana pa kukwepea Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, ambayo ndiyo inayomfanya awe katibu wa Halmashauri ya Kijiji.

Kwa hiyo rudi kwenye tangazo lako. Watu wengi hulisoma siku ya kutuma maombi kisha wakalisahau. Lichapishe, pigia mstari kila jukumu, na pembeni yake andika sera, sheria au mpango unaolibeba. Ukimaliza, hiyo ndiyo silabasi yako, na mara nyingi itakuwa fupi kuliko lile desa.

Nyaraka zipi msailiwa wa kada yoyote azifahamu?

Chache tu, lakini zisomwe zenyewe badala ya muhtasari wa mtu mwingine.

Ya kwanza ni Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025 kuchukua nafasi ya Dira 2025. Inalenga uchumi wa dola za Marekani trilioni 1 na wastani wa pato la dola 7,000 kwa mtu ifikapo 2050. Chini ya dira huja mipango ya miaka mitano. Mpango wa Tatu ulihusu kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Chini ya mpango huja bajeti ya kila mwaka, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Julai. Ukishika ngazi hizo tatu, dira, mpango na bajeti, utaweza kuiweka mahali pake karibu kila habari ya mradi unayoisikia redioni.

Ongeza Katiba ya mwaka 1977, angalau sehemu zinazohusu mihimili mitatu ya dola, haki na wajibu, fedha za umma na serikali za mitaa. Kisha Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na kanuni za maadili ya utumishi huo: huduma bora, utii kwa serikali iliyopo madarakani, kutopendelea, uadilifu, matumizi sahihi ya taarifa. Eneo hili la maadili wasailiwa wengi hulichukulia poa, ilhali linamgusa kila mtu, kuanzia mhudumu wa afya hadi mhasibu.

Sera moja naisomaje hadi nikaielewa?

Tuchukue moja na tuifuate hadi mwisho: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri.

Karibu kila msailiwa anajua kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wengi huishia hapo. Sasa uliza kama mkaguzi. Fedha hizi zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru, tozo na leseni ambazo halmashauri inakusanya yenyewe. Ruzuku ya serikali kuu haimo. Ukielewa hilo peke yake, utajua kwa nini kikundi cha jiji kubwa na kikundi cha wilaya yenye makusanyo madogo havina bahati sawa, ingawa asilimia ni ileile.

Nani ameamuru? Zamani yalikuwa maelekezo, na halmashauri nyingi zilitenga zikipenda. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, utengaji ukawa wa lazima na mikopo ikawa haina riba. Nini kiliharibika? Marejesho. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyoonekana vilipo. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu upangwe upya, na ukarejea mwaka 2024.

Mpaka hapo una chanzo cha fedha, sheria, walengwa, kasoro na marekebisho. Paneli ikikuuliza, “Utahakikishaje vikundi vinarejesha mikopo?”, hutababaika. Utazungumzia kuhakiki kikundi kabla ya kukipa fedha, mafunzo ya biashara, kuwatembelea walipo na kutunza kumbukumbu. Hakuna desa litakalokupa jibu hilo, maana linatokana na kujua mahali sera ilipovuja.

Fanya hivyo kwa sera tatu au nne zinazogusa kada yako. Mwalimu achukue Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, aangalie elimu ya lazima ya miaka 10 inamaanisha nini kwa madarasa na walimu. Wa afya achukue Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Anayeomba TEHAMA asome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sera nne ulizozichimba namna hii zina faida kuliko arobaini ulizokariri majina.

Habari nizifuate wapi, na kwa muda gani?

Mwaka mmoja wa nyuma unatosha, isipokuwa mambo ambayo bado yanaendelea. Kalenda ya nchi yenyewe inakusaidia. Mwishoni mwa Machi taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukabidhiwa Rais, Aprili hufika bungeni, Bunge la bajeti huendelea, na Juni husomwa hotuba ya bajeti kuu. Atakayesoma hotuba ya bajeti ya wizara yake, ambayo hupatikana bure mtandaoni, amejua vipaumbele, fedha zilizoombwa na changamoto zinazokiriwa na waziri mwenyewe.

Takwimu zichukue Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Unganisha namba hiyo na kazi yako: watu wakiongezeka kwa kasi hiyo, madawati, dawa na visima vitafuata vipi? Kadhalika bajeti ilikuwa shilingi trilioni 49.35 mwaka 2024/25 na trilioni 56.49 mwaka 2025/26. Kusema tu kwamba imepanda hakukupi alama nyingi; jua fedha zilitarajiwa kutoka wapi.

Majina ya viongozi yahakiki wiki ya usaili. Anayetegemea desa la 2024 ataandika kwamba Waziri Mkuu ni Kassim Majaliwa, wakati tangu Novemba 2025 ni Mwigulu Nchemba, ambaye desa hilohilo linamtaja kama Waziri wa Fedha. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo wapo wanaoiandika bado kuwa na nchi saba. Somalia ilikuwa ya nane mwaka 2024.

Nikiulizwa maoni kuhusu sera nisiyoikubali?

Jibu kama mtumishi. Eleza sera inataka nini, utekelezaji umefika wapi, wapi inakwama na kwa ushahidi gani, kisha pendekeza jambo linalowezekana kwenye ngazi yako ya kazi. Sifa tupu huwachosha wasaili sawasawa na lawama tupu. Ushabiki wa chama uache mlangoni. Mtumishi wa umma anatakiwa kumhudumia kila mwananchi bila kujali itikadi.

Kuna mtu anauza maswali ya usaili. Ni ya kweli?

Usinunue. Kama ni ya uongo umeibiwa, na kama ni ya kweli umeingia kwenye uhalifu kabla hujaajiriwa. Kutuma maombi kupitia Ajira Portal ni bure, na kuitwa kwenye usaili hakulipiwi. Anayekuomba fedha ili akupatie maswali au akupangie kituo, mtolee taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure 113.