Masurufu ya Mama Mwenye Mimba ni Haki ya Mtoto Wake

Ndugu Waislamu, katika mazoea yetu mabaya limo hili: mtoto akizaliwa mdogo, au akawa dhaifu wa kukua, watu wa nyumba humgeukia mama. Husemwa kuwa damu yake ni mbaya, au ukoo wake hauna watoto wazima, au amepatwa na kijicho. Kisha hutolewa fedha za hirizi na za kombe. Lakini ni nani aulizaye: mama huyu alikula nini siku za mimba? Alilala kwa amani au kwa machozi? Na mumewe alimpa nini? Leo tulisome jambo hili kwa elimu, kisha kwa sheria.

Tuanze mbali na pwani. Katika kaunti za Migori, Homa Bay na Kisumu, kandokando ya Ziwa Victoria, ulifanywa utafiti ulioitwa Shamba Maisha, tangu 2016 hata 2019. Walioshiriki ni watu wenye virusi vya ukimwi, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wakitibiwa katika vituo vya afya 16. Wa baadhi ya vituo walipewa mkopo, pampu ya kumwagilia maji, na mafunzo ya kilimo na ya kutunza fedha. Wa vituo vingine waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Matokeo yalitangazwa 2022. Katika kudhibiti virusi, makundi mawili hayakutofautiana. Bali waliosaidiwa kulima walipata chakula kwa uhakika zaidi, na huzuni yao ikapungua. Basi, ikiwa pampu na shamba hufika mpaka moyoni mwa mtu, na mtu huyo akawa ni mama, je, hali yake haimfikii mtoto?

Asiseme msomaji wa Mombasa au Lamu kuwa hayo ni mambo ya watu wa ziwani. Kendu Bay, iliyomo Homa Bay, ina Waislamu tangu zamani. Na dhiki haimuulizi mtu kabila lake wala dini yake.

Elimu inayolitazama swali hili huitwa epijenetiki, na aliyesoma chuoni ataifahamu upesi. Andika kafu, te na be bila ya irabu. Ukizitia irabu hivi, utasoma "kataba", ameandika. Ukizitia vingine, "kutiba", imeandikwa. Na vingine tena, "kutub", vitabu. Herufi ni zile zile, kisomo ndicho kilichobadilika. Na mtoto hali kadhalika. Hurithi kwa baba na mama maandishi yaitwayo jeni, na juu ya maandishi hayo hukaa alama ndogo ndogo za kemia, ambazo kwazo jeni hii husomwa na ile hunyamaza. Na baadhi ya alama hizo hufuata hali aliyokuwa nayo mama.

Mjini Goma, Kongo ya mashariki, wataalamu waliwatazama mama 25 na watoto wao wachanga, wakatangaza khabari zao 2012. Mama waliopata mashaka makubwa zaidi, yakiwamo ya vita, watoto wao walikuwa na alama zaidi juu ya jeni moja inayohusika na namna mwili unavyopokea mashaka, na uzito wao wa kuzaliwa ulikuwa mdogo. Idadi hiyo ni ndogo, lakini haiko peke yake. Uholanzi ilipatwa na njaa kuu katika baridi ya 1944 na 1945. Utafiti wa 2008 ulionyesha kuwa watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ile, baada ya miaka kama 60, walikuwa na alama zilizohitilafiana na za ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakupitiwa na njaa hiyo mimbani.

Sasa tuirejee sheria. Katika Sura At-Talaq, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha wanaume wawape masurufu wake waliowaacha, wakiwa na mimba, mpaka wajifungue. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, je, aliyemo nyumbani? Na katika Al-Baqara, aya ya 233, chakula na nguo za mama anyonyeshaye ziko juu ya baba, kwa kadiri ya uwezo wake.

Lakini tujihadhari na makosa mawili. La kwanza, kudhani kuwa alama hizo ni hukumu isiyoondoka, na kumwita mtoto ameharibika. Hilo halikuthibiti, na malezi mema yana kazi yake baada ya kuzaliwa. La pili, kuifanya elimu hii kuwa fimbo mpya ya kumpigia mama. Mama hakujinyima chakula mwenyewe, wala hakujitukana mwenyewe.

Basi, ewe mume, fedha ya hirizi inunulie samaki, maziwa na mboga. Mpeleke mkeo kliniki mapema. Na uuzuie ulimi wako, na wa jamaa zako. Na mjane au mwanamke aliyetupwa akiwa na mimba, jirani zake na wenye kutoa zaka wasingoje aje kuomba. Anayemlisha huyo amewalisha wawili, na mmoja wao hana kinywa cha kudai haki yake.

Wabillahi tawfiq.