Mfanyakazi Aliyerudi na Ulemavu: Cheti cha Daktari na Haki ya Kujiunga na Chama

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 32 aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Maskati, Oman. Akisafisha dirisha la ghorofani, alianguka na kuvunjika pingili ya uti wa mgongo. Alirudishwa nyumbani kabla ya mkataba kwisha, na sasa mguu wake wa kushoto ni dhaifu. Katika faili lake la kliniki pameandikwa maneno matatu tu: "Maumivu ya mgongo." Maneno hayo ni kweli, lakini hayasemi aliumia lini, wapi, wala akifanya kazi gani. Akienda kudai haki yake, hayatamsaidia.

Kuupima ulemavu

Uainishaji uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 unatutaka tuutazame ulemavu katika ngazi tatu: mwili, shughuli na ushiriki. Kwa mama huyu, udhaifu wa mguu ni hali ya mwili. Kushindwa kupanda ngazi au kubeba ndoo ya maji kunahusu shughuli. Kukosa ajira, au kushindwa kuhudhuria mkutano wa chama cha wafanyakazi kwa kuwa unafanyika ghorofa ya tatu, kunahusu ushiriki. Daktari anayeishia kwenye ngazi ya kwanza ameandika theluthi moja ya ugonjwa.

Sheria zinasemaje?

Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inawahakikishia watu hao haki za kazi na za vyama vya wafanyakazi kwa usawa na wengine, na inawataja pia waliopata ulemavu wakiwa kazini. Oman na Tanzania ziliuridhia mkataba huo mwaka 2009. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, nao unatambua uhuru wa wafanyakazi wa nyumbani kujumuika na haki yao ya kukaa na hati zao za kusafiria.

Hata hivyo, si kila nchi inamfungulia mgeni mlango wa chama. Sheria ya Kazi ya Qatar ya mwaka 2004, kwa mfano, iliweka uanachama wa kamati za wafanyakazi kwa raia pekee. Kwa sababu hiyo, vyama vya nyumbani vina uzito mkubwa. CHODAWU nchini Tanzania na KUDHEIHA nchini Kenya huwaunganisha wafanyakazi wa nyumbani. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza chama kumbagua mfanyakazi, katika kumpokea au kumwakilisha, kwa sababu ya ulemavu au uraia. Kinga hiyo inamhusu pia Mrundi au Mkongo aliyeajiriwa kwetu.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Andika tarehe, mahali na kazi iliyokuwa ikifanywa. Tenganisha "mgonjwa anaeleza kuwa" na "uchunguzi umeonyesha", kwani atakayesoma cheti atataka kujua kipi ni kipi. Eleza kazi anazoweza kufanya, asizoweza, na marekebisho yatakayomwezesha kufanya kazi. Uliza kuhusu usingizi, hofu na huzuni. Majeraha ya nafsi nayo huletwa kutoka ugenini. Kwa mgonjwa kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama asiye wakala wala mwajiri. Mpe mgonjwa nakala, wala usimpatie mtu mwingine bila ridhaa yake.

Wajibu wa mgonjwa

Tunza mkataba, picha za eksirei na karatasi za hospitali ya ugenini, hata kama zimeandikwa kwa Kiarabu usichokielewa. Usitie sahihi hati ya kusamehe madai kabla ya kusomewa kwa lugha unayoifahamu. Fika kwenye chama mapema, kwa kuwa madai mengi yana ukomo wa muda. Ukiambiwa mkutano uko juu, omba ushushwe chini: hilo ni dai la haki, wala si kuomba fadhila.

Mama wa mfano wetu hawezi kurudishiwa mguu aliokuwa nao. Faili lake, hata hivyo, bado linaweza kuandikwa upya, na kazi hiyo ni yetu.