Somo: Malengo 17 ya Dunia na Dumu la Maji la Gongo la Mboto

Katika mfululizo wetu wa Mafundisho Jamii ya Kanisa leo tunatazama Malengo ya Maendeleo Endelevu. Wengi tumeyaona na rangi zake kwenye mabango ya semina na magari ya mashirika. Wachache tumekaa tukauliza yanapima nini hasa. Tutayasoma tukiwa tumesimama Gongo la Mboto, wilayani Ilala, maana lengo la dunia nzima hueleweka likishushwa hadi mtaani.

Historia yake ni fupi. Septemba 2000 viongozi wa dunia walikutana New York, na katika Azimio lao la Milenia yakazaliwa malengo 8 ya kufikiwa ifikapo 2015. La kwanza lilikuwa kupunguza kwa nusu sehemu ya watu wanaoishi chini ya dola moja kwa siku. Muda ulipokwisha, tarehe 25 Septemba 2015, nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zikapitisha malengo 17 yenye shabaha 169, na mwisho wake ni 2030. Safari hii hawakusema nusu. Walisema umaskini uliokithiri uishe kabisa, kila mahali, na asiachwe mtu nyuma.

Kwa Mtanzania lugha hiyo si ngeni. Vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini tuliitangaza mapema. Azimio la Arusha lilitolewa tarehe 5 Februari 1967, na wiki saba kamili baadaye, tarehe 26 Machi, Papa Paulo VI akatoa waraka Populorum Progressio, unaofundisha kwamba kukua kwa uchumi peke yake si maendeleo: maendeleo ya kweli humgusa mtu mzima na kila mtu. Mseminari anayetaka kumwelewa Mwalimu Nyerere asome hati hizo mbili kwa pamoja. (Na Mwalimu mwenyewe alikuwa akifundisha hapo Pugu, mbele kidogo ya Gongo la Mboto, kabla hajaacha kazi kwa ajili ya siasa.)

Sasa tuje kwenye maji, ambako ndiko somo letu liliko.

Malengo ya Milenia yalitaka kupunguza kwa nusu sehemu ya watu wasio na maji salama. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba dunia ilikwisha kufikia shabaha hiyo tangu 2010, miaka mitano kabla ya muda. Lakini walihesabuje? Waliangalia aina ya chanzo: bomba, kioski, kisima kirefu, kisima kilichojengewa. Hawakuuliza kama bomba linatoa maji kila siku, foleni ni ndefu kiasi gani, maji yana chumvi, au dumu linauzwa bei gani. Kwa kipimo kile, mama wa Gongo la Mboto anayechota kwenye kisima kirefu cha jirani na kulipia kila dumu alikuwa tayari amefikiwa na maendeleo.

Lengo la 6 la sasa limekaza kipimo. Maji yapatikane pale pale nyumbani, yawepo yanapohitajika, yasiwe na vijidudu wala kemikali hatari, na bei yake iwe nafuu. Hilo neno la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme dumu la lita 20 linauzwa shilingi 200, na familia ya watu watano inatumia madumu matano kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa kila kichwa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi katika shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa aliye kwenye mstari huo, maji peke yake yanakula karibu asilimia 12, kabla hajanunua unga wala kulipa kodi ya chumba.

DAWASA imefikisha bomba ukanda huu kutoka Kisarawe kupitia Pugu, na maji ya bomba, yuniti kwa yuniti, ni rahisi kuliko ya madumu au ya boza. Hata hivyo anayeomba kuunganishiwa ni mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja husubiri uamuzi wa mtu mwingine, wakati mwingine mtu anayeishi mbali kabisa.

Utafiti huo huo ulionyesha kwamba umaskini ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4. Ni kweli, tena ni jambo la kushukuru. Ila kwa kuwa watu waliongezeka haraka zaidi, idadi ya maskini yenyewe ilipanda. Asilimia hushuka kwenye karatasi. Mhubiri hukutana na vichwa.

Papa Fransisko aliliona hilo. Akihutubia Umoja wa Mataifa siku ile ile malengo yalipopitishwa, alionya dhidi ya kuridhika na orodha ndefu za malengo na vipimo vya takwimu. Alitaja mambo ambayo kila familia haiwezi kukosa: makazi, kazi na ardhi, pamoja na uhuru wa kiroho. Kiti Kitakatifu pia kiliweka wazi mashaka yake juu ya tafsiri ya baadhi ya maneno, hasa yale ya afya ya uzazi. Hiyo haikuwa kuyakataa malengo yote, kama wengine wanavyodhani. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa wenyewe ulikiri kwamba ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizokuwa zikienda kwa mwendo unaotakiwa.

Kazi ya juma hili: nenda kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo unakofanya utume. Katika nyumba kumi, uliza maji yanatoka wapi, yanatoka siku ngapi kwa wiki, na wanalipa shilingi ngapi kwa dumu au kwa yuniti. Tenga majibu ya wenye nyumba na ya wapangaji. Kisha soma Mathayo sura ya 25, na uje darasani na hesabu zako.